Harage la gadi wa kushoto

"Baba, gadi anapata pointi ngapi kwa msimu?"

Aliuliza hata begi hajalitua, helmeti inaning'inia mkononi. Kocha wa futiboli ya Kimarekani shuleni kwao amempanga gadi wa kulia, mmoja wa wale wa mstari wa mbele wanaowazuia wapinzani ili mwenzao apite na mpira, na yeye alitaka kukimbia na mpira kama watoto wote. Nikamwambia ukweli: sifuri. Kwa sheria, gadi hata kudaka pasi ya mbele haruhusiwi. Akaenda chumbani kwake bila kugusa chakula. Mimi nikabaki jikoni, macho yameangukia mtungi wa maharage mekundu, na papo hapo nikarudi nyumbani kwa Mzee, Jumamosi ile ya tarehe 3 Februari 2018.

Theluji ilikuwa imefika magotini. Kesho yake kulikuwa na Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL, mjini Minneapolis, na usiku huo yalikuwa yanatangazwa majina ya wanaoingia Ukumbi wa Umaarufu wa Canton, Ohio, unaowaenzi magwiji wa mchezo huo. Mzee alikuwa anangoja jina moja tu, Jerry Kramer, namba 64, gadi wa kulia wa timu ya Green Bay Packers kuanzia 1958 hadi 1968. Sheria inataka mchezaji awe amestaafu miaka mitano ndipo afikiriwe, kwa hiyo Kramer alianza kustahili mwaka 1974. Mwaka 1969, ligi ilipotimiza miaka 50, alichaguliwa kwenye kikosi bora cha nusu karne nzima. Wenzake wa kikosi hicho waliingia Canton mmoja baada ya mwingine, yeye akabaki nje. Sasa alikuwa na miaka 82.

Wasiofuatilia mchezo huu huwa wanachanganya kumbi mbili. Green Bay wana ukumbi wao wenyewe, ulioanza 1967 na leo uko ndani ya uwanja wa Lambeau Field. Huko Kramer aliingizwa 1975, na mwaka huohuo akaingizwa Fuzzy Thurston, namba 63, gadi wa kushoto. Canton ni wa ligi nzima. Ulifunguliwa 1963, na kundi la kwanza kabisa lilikuwa na Curly Lambeau, aliyeanzisha Packers mwaka 1919 pamoja na George Calhoun, na Don Hutson, mdakaji aliyestaafu na miguso (tachidauni) 99 ya pasi, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 40. Kuingia Canton, jina lako linahitaji asilimia 80 ya kura za kamati.

Mzee aliwataja watu wa kocha Vince Lombardi walioingia Canton kama mtu anayetaja wajukuu zake. Lombardi mwenyewe 1971. Jim Taylor 1976. Bart Starr na Forrest Gregg 1977. Ray Nitschke 1978. Herb Adderley 1980. Willie Davis na Jim Ringo 1981. Paul Hornung 1986. Willie Wood, ambaye hakuna timu iliyomchagua alipotoka chuo, akaandika barua kuomba majaribio na Packers wakamwita, 1989. Henry Jordan 1995. Dave Robinson 2013. Kisha akanyamaza. Watu wengi walisema orodha hiyo ndiyo iliyomponza Kramer, kwamba Packers wa Lombardi walishatosha.

Nikamuuliza swali ambalo mwanangu ameniuliza juzi, ila kwa maneno mengine: gadi alifanya nini hasa, hata mtu amngoje miaka 44?

Hakujibu. Aliinuka, akapunguza sauti ya televisheni, akashusha mtungi wa maharage kutoka kabatini. Akahesabu maharage 11 juu ya meza. Mfukoni akatoa sarafu, akapanga 11 upande wa pili. Alikuwa na vidole vinene vyenye kutetemeka, lakini kila harage lilipotua halikusogezwa tena.

"Suipu," alisema.

Suipu ni kufagia. Ndio mchezo wa kwanza, yaani mpango wa kukimbia na mpira kwa kuzunguka pembeni, ambao Lombardi aliwafundisha alipofika Green Bay mwaka 1959, akiikuta timu iliyoshinda mechi moja tu msimu uliotangulia. Aliurudia mpaka ukawa kama pumzi. Kocha John Madden alisimulia kwamba alihudhuria semina ambayo Lombardi alizungumza kwa muda wa saa nane juu ya mchezo huu mmoja.

Mzee akaanza na mstari wa mbele. Katikati harage la senta, Ringo. Kulia kwake Kramer, kisha tekoli Gregg. Kushoto Thurston, kisha tekoli Skoronski. Nje ya Gregg akamweka taitiendi, Ron Kramer, ambaye hana undugu na Jerry. Huyu hakumbana Gregg. Alimwachia nafasi ya hatua kadhaa, ili mlinzi aliyemkabili naye asogee nje na uwanja upanuke. Nyuma ya senta Starr, kwotabeki anayepokea mpira na kuugawa. Nyuma yake Taylor upande wa kulia na Hornung, atakayebeba mpira, upande wa kushoto. Kwetu, kwenye soka, fulubeki ni beki. Huku fulubeki ni mshambuliaji, dume la kukimbia na kugonga, na Taylor mwaka 1962 alikimbia yadi 1,474.

Mpira unapotoka kwa senta, magadi wote wawili wanaacha nafasi zao na kukimbilia kulia, nyuma ya mstari wa wenzao. Hapo ndipo uzuri ulipo, na hatari pia, maana wameacha mashimo mawili mbele ya walinzi wenye kilo zaidi ya 110. Shimo la Kramer linazibwa na senta. Ringo anapaswa kumwahi mlinzi aliyesimama kulia kwake kabla hajapiga hatua ya pili. Akichelewa, mlinzi huyo anapenya na kumkuta Hornung hata hajaanza, na mchezo umekufa palepale. Shimo la Thurston linazibwa na tekoli wa kushoto. Gregg anamgonga mlinzi wa ukingoni kwa bega akipita, kisha anakwenda kumzuia lainibeka wa kati, mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa kwanza wa wapinzani. Taylor anammalizia yule wa ukingoni, chini, magotini.

"Sasa huyu," akasema, akiweka kidole juu ya taitiendi. Ron Kramer hachagui upande. Lainibeka aliye mbele yake akitaka kwenda nje, anamsukuma huko huko nje. Akitaka kuingia ndani, anamfungia ndani. Anayekimbia anasoma mgongo wa Ron na kufuata panapoonekana mwanga. Ndiyo sababu timu pinzani zilijua suipu inakuja na bado hazikuweza kuizuia, maana jibu lao lenyewe ndilo lililoonyesha njia.

Halafu magadi. Mzee akanifanya niyasogeze maharage hayo mwenyewe, kwa mkono wangu, na nikakosea mara tatu.

Kosa la kwanza, niliinamisha harage la Kramer upande wa kulia kabla mpira haujatoka. "Wamekwisha kuona," akasema. Gadi lazima asimame vilevile kwa kila mchezo. Akiegemeza uzito nyuma kwa sababu anajua atakimbia pembeni, vidole vyake vilivyo chini havishiki tena nyasi, na mlinzi mzoefu anavisoma. Kosa la pili, nilimpeleka sambamba na mstari, akagongana na miguu ya watu wake. Hatua ya kwanza inafunguka kulia na kurudi nyuma kidogo, kiasi cha yadi moja, kiwiko cha kulia kinavutwa kwa nguvu ili kiuno kigeuke, na kichwa kinabaki chini. Kosa la tatu, nilimkimbiza Hornung kwa kasi yake yote, akawapita magadi wake mwenyewe. Hornung hakuwa mwepesi kuliko wote, lakini alikuwa na subira. Alipokea mpira kwa Starr, akawaacha magadi watangulie, ndipo akaongeza mwendo.

Kramer anafika nje wa kwanza, anamchukua mlinzi wa pembeni na kumsukumia kwenye chaki. Thurston ametoka mbali zaidi, upande wa pili wa senta, na lazima afike karibu wakati uleule. Yeye anakata kuingia ndani ya mgongo wa taitiendi na kumziba yeyote anayekuja mbio kutoka katikati. Mmoja anaziba nje, mwingine anaziba ndani. Kati yao panabaki uchochoro.

Mzee alichukua harage la Hornung, akalipitisha polepole kati ya maharage mawili ya magadi. Alilisukuma kwa ukucha mpaka ukingo wa meza, na hakuna sarafu iliyoguswa. Kisha akalaza kichwa kidogo, akalitazama lile pengo tupu. Naliona pengo lile mpaka leo, upana wa vidole viwili, kwenye meza ya mbao yenye alama ya moto wa sufuria.

"Harage la gadi wa kulia linahesabiwa wapi?" akaniuliza. "Yadi anaandikiwa Hornung. Mguso anaandikiwa Taylor. Huyu anaandikiwa nini?"

Kramer angalau alikuwa pia mpigaji wa mikwaju ya goli. Kwenye fainali ya tarehe 30 Desemba 1962, katika upepo mkali wa Yankee Stadium, alipiga mikwaju mitatu ikapita na Packers wakawashinda Giants 16 kwa 7. Na watu wanamkumbuka kwa Mechi ya Barafu, tarehe 31 Desemba 1967, baridi nyuzi 25 chini ya sifuri, sekunde 16 zimebaki, aliposhirikiana na senta Ken Bowman kumwondoa Jethro Pugh wa Dallas na Starr akapenya nyuma yao, 21 kwa 17. Mzee hakuyagusa hayo. Kwake mtu alikuwa amefanya kazi yake kwenye suipu, wiki baada ya wiki, ambako hakuna picha ya kamera.

Mengine yalikwenda haraka. Jina likatajwa. Majirani wa juu wakapiga kelele, gari likapiga honi barabarani. Mzee alikaa kimya, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta. Nikadhani ataliinua harage la Kramer. Aliinua la Thurston. Gadi wa kushoto alifariki Desemba 2014, na Canton hayumo. Akaliviringisha kati ya vidole viwili kwa muda mrefu, kisha akalitia kwenye mfuko wa shati.

Sijui mpaka leo alimaanisha nini, na sikumuuliza. Wala sijui kama ni haki kumwambia mtoto wa miaka 11 kwamba kuna kazi ambayo utaifanya vizuri kwa miaka 11, kisha ungoje 44, na mwenzako aliyekimbia umbali mrefu kuliko wewe asiitwe kabisa. Sikumwambia hivyo. Nilishusha mtungi, nikamwita.

Alikuja akiburuta miguu. Nikapanga maharage na sarafu, nikamwonyesha senta, tekoli, taitiendi. Nikamwachia magadi. Jaribio la kwanza gadi wake wa kulia akaegemea kabla ya wakati, kama mimi. La pili akagonga miguu ya Taylor. La tatu Kramer alifika nje vizuri, lakini lainibeka wa kati akapita bila kuguswa na kumkamata Hornung.

"Huyu alitoka wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha harage la kushoto, ambalo lilikuwa bado liko nyuma ya senta.

"Ananichelewesha."

"Ana safari ndefu. Wewe ndiye umetangulia mno."

Akalitazama, akalirudisha nyuma mahali pake, akayapanga na mengine yote upya. Wali ulikuwa umeshapoa. Mara hii aliweka vidole vya mikono yote miwili, kimoja juu ya kila gadi, akasubiri nihesabu.