Nilivyofundisha grafu kwa viberiti vitupu

Kwenye semina moja ya hisabati tuliambiwa takwimu za Darasa la Tano ni somo jepesi: waulize watoto wanapenda tunda gani, wanyooshe mikono, uhesabu, uchore. Tena eti tutumie vile vishikwambi vya sensa tulivyogawiwa walimu. Kishikwambi 1, watoto 72. Haya.

Nikajaribu hiyo ya matunda. Embe, mikono juu. Chungwa, mikono juu. Kufika stroberi, ambayo sidhani kama kuna aliyewahi kuitia mdomoni, ndiyo kwanza wakanyoosha miwili miwili. Kujumlisha ubaoni, kura mia mbili na ushee! Na hakuna aliyedanganya: mtoto anapenda matunda yote.

Dawa niliipata kwenye sensa yenyewe, si kwenye kishikwambi chake. Mwaka 2022 makarani waliuliza nani kalala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23, ili mtu asihesabiwe kwake na kwa shangazi yake. Nikaagiza kila mtoto aje na kiberiti kitupu. Kikishatoka mkononi, umehesabiwa. Kina mama wawe radhi, njiti zinakaa vizuri tu kwenye kopo. Mimi nilinunua chaki za rangi, buku mbili tatu hivi.

Swali nalo nikalibadilisha: Simba, Yanga, au huna timu? Embe halina mtetezi, lakini hapa kila mtoto alikagua hesabu ya mwenzake bila kutumwa. Nikachora mstari barazani, safu tatu zikaanzia hapo.

Yanga wakavipanga viberiti vyao kwa upana. Simba, wajanja, wakavilaza kwa urefu. Safu yao ikaipita ya Yanga, wakaanza kuimba na kurukaruka. Nikanyamaza makusudi, ingawa mimi ni Yanga na iliniuma. Binti mmoja akachuchumaa, akapitisha kidole kiberiti kwa kiberiti: Simba 27, Yanga 36, wasio na timu 5. Loo, kelele zilizozuka! Wakadai wenyewe viberiti vyote vilale namna moja na safu zote ziendelee kuanzia mstarini. Kipimo sawa hicho nilishakihubiri ubaoni kipindi kizima, wakawa wananitazama tu.

Mtu akikwambia uanzie kwenye daftari, mwitikie kisha ufanye lako. Vyumba vya daftari vije baadaye, chumba 1 kwa watoto 2, na hiyo 27 waachie wabishane mpaka waione nusu chumba.

Mwalimu mkuu, Simba wa damu, akapita, akaitazama safu, akasema takwimu hazijakamilika kwa sababu watoro 4 hawajahesabiwa. Yule binti akamjibu kwa adabu zote: "Mwalimu, hata wote wanne wakiwa Simba, bado tunawazidi watano."