Siku moja maishani mwangu: mama mbeba mizigo wa Bukavu, mashariki mwa Kongo

Saa kumi alfajiri

Shingo huamka kabla yangu. Inauma upande wa kushoto, nami najua kumekucha hata kama mtaa wetu wa Cimpunda wote bado giza. Nasali nikiwa nimekaa kitandani, maana magoti yangu na sakafu hawaelewani tena saa hizi. Sala ni fupi: nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana. Halafu naitoa kamba msumarini na kufunga mlango polepole, watoto wasiamke.

Niwaelezeni hiyo kamba, maana ndiyo ofisi yangu. Inapita chini ya mfuko, inakuja mbele, inakaa juu ya paji la uso. Mgongo ndio unaobeba, shingo ndiyo inayolipa. Sisi wa siku nyingi tuna bonde dogo pale nywele zinapoanzia. Mwanangu wa mwisho alipokuwa mchanga alikuwa akilipitisha kidole mpaka alale. Ukitukuta barabarani tumeinama na hatukusalimii, usituite wenye kiburi. Ukiinua kichwa na kilo sitini mgongoni, unaanguka chali.

Watu wana mambo matatu juu yetu. Kwamba sisi ni punda, kwamba hatukusoma, kwamba tunaiba. La kwanza nimelizoea. La pili ni uongo, mimi nilifika mwaka wa nne wa sekondari na Kifaransa changu kikipashwa moto kinaliwa. La tatu ndilo limenifanya niombe simu ya binti yangu usiku huu.

Saa kumi na moja

Mteremko mpaka ziwani. Mvua ilinyesha usiku, kwa hiyo unashuka kwa kisigino, unashika ukuta wa watu, unaomba radhi.

Saa kumi na mbili mpaka saa tatu

Boti za Goma na za kisiwa cha Idjwi. Nanasi za Idjwi unazinusa kabla ya kuiona boti. Nimepanda na kushuka mara nne: maharage, maharage, nanasi, na kapu la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, lililonidondokea maji mpaka kiunoni. Nimepata faranga 1,500, nyingine 1,500, halafu 1,000, na mzee mmoja kanilipa kichane cha ndizi na baraka nyingi. Chai na mikate miwili. Mpaka hapo siku nzuri.

Saa tatu

Akaja mteja.

Dada mdogo, labda miaka ishirini na mitano, kikwembe (kitenge) kipya, simu mbili. Alikuwa na mifuko sita ya unga wa mahindi, ya kilo 25, iliyotoka Goma, na depo yake iko juu kupita Nyawera. Nikamwambia safari tatu, mifuko miwili miwili, faranga 2,000 kila safari. Akaniangalia kama nimemwomba nyumba. "Mama, ni pale tu!" Pale tu! Yeye anaenda pale tu kwa pikipiki. Tulibishana mpaka wenzangu wakaanza kucheka, tukakubaliana 4,500 kwa zote. Nilijua nimeshindwa, lakini ilikuwa Jumamosi, na tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025 na benki zikafungwa, mwenye pesa mkononi ndiye anayepanga bei.

Safari ya kwanza sina la kusema. Ya pili, jua lilitoka na matope yakaanza kunata. Ya tatu ndiyo iliyonishinda. Nilipofika Nyawera niliegemeza mifuko ukutani bila kuvua kamba, kama tunavyofanya, nikapumzika nusu.

Hapo Nyawera ndipo alipouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, tarehe 29 Oktoba 1996. Nilikuwa mtoto. Kuna neno lake ambalo watu wa hapa wanalijua wote: kwamba kuna mambo yanayoonekana tu kwa macho yaliyolia. Namheshimu marehemu, ni mchungaji wetu aliyekataa kuukimbia mji. Lakini kila nikipumzika kwenye ukuta ule nabishana naye kidogo. Baba Askofu, mimi nililia na sikuona kitu.

Mwaka 2021 mwanangu wa pili aliugua. Alipona, Mungu asifiwe, lakini hospitali ilituzuia kwa ajili ya deni. Mnaojua mnajua: mtoto mzima, anacheza kwenye korido, na mlinzi getini ana jina lako kwenye daftari. Wiki mbili. Mume alikuwa amekwenda Kamituga kutafuta dhahabu na simu yake haikupatikana tena mpaka leo. Watu wa shirika letu, jumuiya ndogo ya parokia, walikuja kunisalia, wakaniambia majaribu humsogeza mtu kwa Mungu. Niliitikia amina. Siku ya pili nilipewa mifuko mitano ya unga nipeleke kwa mama mmoja mjane, muuzaji wa sokoni Nyamugo. Nilifikisha minne. Wa tano nilipita nao njia ya nyuma, nikauuza kabla ya saa sita, na jioni mtoto akalala nyumbani.

Kwa hiyo mtu akiniambia shida humleta mtu kwa Mungu, namwacha amalize sentensi yake. Mimi shida ilinipeleka kwenye unga wa watu. Na la ajabu, baada ya hapo nilisali zaidi. Rozari kila usiku, novena, saumu ya Ijumaa ambayo hata hivyo ningefunga kwa kukosa chakula. Maneno yalikuwa yanatoka vizuri. Yalikuwa kama kugonga nyumba ambayo unasikia watu ndani na hakuna anayefungua.

Miaka mitatu. Kwaresima ya 2024 nikaenda kuungama. Nilidhani padri atanipa Salamu Maria kumi kama malipizi nikimbie. Akaniuliza: "Unga ulikuwa wa nani?" Nikasema simjui jina. "Lakini meza yake sokoni unaijua?" Nikanyamaza. "Basi unajua malipizi yako." Nilikasirika, nisiwafiche. Zakayo alirudisha mara nne, lakini Zakayo alikuwa na kitu. Mimi mfuko mmoja ulinichukua miezi minane, faranga 1,500 kila Jumamosi.

Lakini lililonikuta ni siku ya kwanza ile. Nilisimama mbele ya meza ya yule mama mjane, nikamweleza, nikaweka pesa ya kuanzia. Hakunitukana. Alizihesabu, akazikunja, akasema, akiangalia pembeni: "Ule mufuko, mimi nilimufukuza mutoto wa kazi juu yake."

Kulikuwa na msichana aliyekuwa akihesabu mifuko inapoingia. Alihesabu mitano, ikapatikana minne. Aliapa kwa jina la mama yake aliyekufa. Mjane hakumwamini, akamtoa jioni hiyo hiyo bila mshahara wa mwezi. Mimi nilikuwa nimeiba mfuko mmoja, nikidhani najua ukubwa wa nilichoiba.

Naona nimetoka kwenye saa. Turudi.

Labda saa tano, labda na nusu

Depo. Nilishusha mifuko miwili ya mwisho, na mmoja ulikuwa umelegea kidogo pembeni. Dada akauona haraka kuliko alivyoona jasho langu. Akaita vijana wake, mizani ikaletwa. Kilo ishirini na tatu.

"Unga yangu iko wapi?"

"Yaya, mufuko ulipasuka. Angalia hapa." Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, mimi mwenye umri wa mama yake mdogo, ili apoe.

Hakuangalia. Alinizunguka. Mgongo wangu wote ulikuwa mweupe, shingo nyeupe, unga umeingia kwenye nywele na kushikana na jasho kama bugali (ugali). Akasema nifungue kikwembe. Mbele ya vijana wanne. Mnajua tunavyofunga, kimoja juu ya kingine, na katikati kifundo cha pesa. Nikafungua cha juu, nikakikung'uta. Likaanguka vumbi la unga na zile faranga zangu za asubuhi. Akaziokota na kuzihesabu kana kwamba faranga zina harufu ya unga wake.

Wenzangu wangepiga kelele. Ninawajua, wangekusanya mtaa mzima: mimi si mwizi, nimebeba mizigo ya mji huu tangu hujazaliwa! Nilifungua mdomo niseme hivyo hivyo. Maneno yakakataa. Nikajisikia nasema:

"Leo sikuiba."

Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Leo! Anasema leo!" Nami nimesimama na kikwembe mkononi, uso unawaka, na, niseme ukweli hata kama mtanishangaa, kwa mara ya kwanza siku nzima sala ya asubuhi ilikuwa sala. Sikuwa na la kuongeza. Mtu alikuwa ananishuku kwa kosa ambalo sikulifanya, nami nikajua hasa, kwenye koo, jinsi yule msichana alivyosimama pale Nyamugo akiapa kwa mama yake. Yeye hakuwa hata na neno "leo" la kumsaidia.

Kijana aliyekuwa amekaa chini ndiye aliyeona tundu. Aliingiza kidole: limechanika kwa ncha ya msumari, wa boti bila shaka, na uzi mmoja ulikuwa umebaki pale. Akatoka nje akarudi. "Patron, unga imemwagika njia yote, mpaka kule chini." Kuku wa jirani walikuwa tayari wanaifanyia kazi.

Mnadhani aliomba radhi? Alikata faranga 1,000 kwa ajili ya kilo mbili, akanirudishia zangu, akanipa 3,500, na katika hizo noti moja ya 1,000 imechanika katikati, imebaki kushikana kwa kona. Siku hizi, benki zikiwa zimefungwa, noti hazibadilishwi, zinaoza mikononi mwetu na hakuna anayezitaka. Nikamwambia hii haitapokelewa. Akasema, "Mama, hata wewe nimekupokea." Sijui alimaanisha nini. Nimeifikiria njia nzima.

Mchana

Safari mbili nyingine, sikumbuki za nini. Makala (mkaa), nadhani. Miguu ilikuwa inatetemeka nikisimama na inatulia nikitembea.

Baadaye

Yule msichana aliyefukuzwa Nyamugo nimemtafuta zaidi ya mwaka. Niliambiwa yuko Kamituga, halafu ameolewa Walungu, halafu amekufa, halafu hapana, ni mwingine. Wiki hii muuza ndizi mmoja wa Nyamugo alinielekeza kwa shangazi wa msichana, huko Bagira. Nikaenda kwa miguu, unga bado kichwani, kwa sababu pikipiki ingekula safari moja nzima.

Shangazi alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alinikaribisha kama mtu anayekuja kuomba maji. Nilipotaja jina la mtoto, mchi ukasimama.

"Wewe ni nani kwake?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Nyamugo. Kwamba mimi ni mama wa Kikristo, kwamba Mungu amenigusa, yote hayo. Nikasema, "Ni mimi nilichukua ule unga."

Alianza tena kutwanga. Alitwanga mpaka majani yote yakawa laini, akayachota, akafunika sufuria, akanawa mikono. Mimi nimesimama tu. Hakunipa kiti, na alifanya sawa. Kisha akaingia ndani akatoka na kikaratasi. Msichana yuko Uvira, anauza ndagala (dagaa), ana mtoto mmoja. Simu yake ni ndogo, ile ya tochi. Akaniwekea kikaratasi mkononi lakini hakukiachia mara moja.

"Usimupigie ukilia," akasema. "Alishalia ya kutosha."

Usiku

Saa tatu na nusu. Watoto wamekula bugali na ndizi za yule mzee. Binti yangu ameniosha nywele mara mbili na maji bado yanatoka meupe.

Nilipita kwa kijana wa kona anayeuza unite za kupiga simu. Pesa nzuri nilikuwa nimeshainunulia unga, kibaba cha kupima, na makala. Nikabaki na ile ya 1,000. Aliinyanyua kwenye taa, ile kona ikaachia, akanirudishia vipande viwili. "Mama, hii hapana." Kwenye simu ya binti kuna intaneti ya usiku kidogo, ndiyo ninayowaandikia, lakini kwa simu ya tochi intaneti haifiki, na jambo lenyewe si la kuandikiwa mtu.

Binti ameunganisha vipande kwa utepe wa daftari lake, amevilaza chini ya sufuria ili vinyooke. Anasema ukiikunja upande wa utepe ndani, haionekani sana. Nimemwambia hapana, nitamwonyesha mwenye duka utepe, akikataa nitabeba mzigo mmoja baada ya Misa ya kwanza. Kikaratasi kiko kwenye msumari, pamoja na kamba.