Siku moja na mboga changa sebuleni, Kisumu

Saa kumi na moja alfajiri. Mimi hulima mboga changa sebuleni, yaani miche inayokatwa na kuliwa siku chache tu baada ya kuota, hapa mtaa wa Tom Mboya. Kochi moja niliuza, na pale lilipokuwa pamesimama rafu ya chuma yenye ngazi nne, kila ngazi na taa yake ya LED. Leo ni siku ya kuvuna, na kuvuna ni kazi ya kabla ya jua. Joto la Kisumu likishaingia ndani, jani lililokatwa hunyauka hata kabla hujafunika kisanduku.

Jana jioni trei za leo hazikupata maji, tena kwa makusudi. Jani likifungwa likiwa na maji huoza upesi. Figili iko siku ya saba, alizeti siku ya kumi. Alizeti haipendi kusubiriwa: majani mengine yakianza kuchomoza katikati ya yale mawili ya mwanzo, utamu wake wa karanga hugeuka uchungu. Nakata kwa kisu chembamba juu kidogo ya udongo, napima gramu 50 kwa kila kisanduku. Mizizi inabaki kwenye trei.

Kinachokula muda ni kofia, yaani yale maganda meusi yanayong'ang'ania vichwani mwa alizeti. Nazinyunyizia maji kidogo asubuhi ya siku moja kabla ya kuvuna, nazipangusa kwa kiganja maganda yakiwa laini, na bado asubuhi nazitoa nyingine moja moja. Mpishi mmoja aliniambia, "Dada, mteja akitafuna ganda ananiita mimi, hakuiti wewe."

Saa kumi na mbili. Naloweka alizeti kavu gramu 120, kiasi cha trei moja ya sentimita 25 kwa 50. Jioni itakuwa imekaa majini saa kumi. Figili hailowekwi.

Saa moja. Maji. Trei ni mbili, moja ndani ya nyingine: ya juu imetobolewa, ya chini haijatobolewa. Namimina maji ya chini tu, mizizi ijinywee yenyewe. Ukimwagia juu kwa hewa hii ya ziwa, umekaribisha ukungu. Anayeanza huona manyoya meupe kwenye figili ya siku ya tatu akatupa trei nzima. Pulizia maji kwanza. Manyoya yakilala na kutoweka, hiyo ni mizizi midogo. Yakibaki kama utando wa buibui na kunuka, hapo ni ukungu kweli, tupa.

Saa tatu. Visanduku ndani ya kulaboksi yenye barafu, tuktuk hadi Milimani, kisha mikahawa miwili karibu na barabara ya Oginga Odinga. Dereva anauliza kama ni dawa. Nimeshazoea. Wengine huniuliza kama ni kweli zinashinda sukuma wiki kwa virutubisho. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na idara ya kilimo ya Marekani walipima aina 25 za mboga changa, na nyingi zilikuwa na vitamini kwa wingi kuliko majani yaliyokomaa, gramu kwa gramu. Lakini nani hula sahani nzima ya figili changa? Sukuma unakula fungu, hizi unanyunyiza juu ya samaki. Simwambii mtu aache sukuma.

Saa tano. Kuosha trei. Sabuni, brashi, dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, suuza, anika juani. Hii ndiyo kazi yenyewe, na haipigwi picha.

Saa saba. Stima imepotea. Taa si shida, mmea utavumilia saa chache. Shida ni feni, maana hewa ikisimama ukungu hupata nafasi. Nafungua madirisha ya pande zote mbili. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru iko zaidi ya 1,800 na ni baridi zaidi, na ndiyo maana minji (njegere) ya mwenzangu wa kule hunenepa huku yangu ikilegea. Nimeiacha, nimejaza nafasi yake na mchicha mwekundu, ambao joto hili ni lake.

Saa kumi. Kupanda. Mbegu nanunua zisizopakwa dawa. Zile zilizopakwa, zenye rangi ya waridi au kijani, ni za shamba, si za kuliwa baada ya siku nane. Kokopiti iliyolowa (maganda ya nazi yaliyosagwa, ndiyo udongo wangu), gramu 25 za figili kwa trei, zikitawanywa zisilaliane. Alizeti iliyolowekwa nayo naitandaza kwenye trei yake, naifunika kwa trei nyingine yenye tofali juu yake, kizani siku tatu. Uzito huo husukuma mizizi chini na kuvua kofia nyingi.

Kila trei naibandika tarehe ya kuvuna, si ya kupanda. Naanza na siku ya mteja, narudi nyuma.

Saa mbili usiku. Ugali, omena, na figili iliyobaki bila mnunuzi. Ukali wake unafaa omena kuliko nilivyotarajia. Simu inalia: mpishi anataka visanduku kumi vya ziada vya figili kesho kutwa, ana harusi. Namjibu kwamba figili ya kesho kutwa ilipandwa wiki iliyopita na yote ina wenyewe. Mchicha upo, visanduku vinne. Anachukua vinne.