Bamvua Lililokatwa Kichwa

Mwaka 2012 nilikuwa na kibarua cha miezi mitano kwenye mradi mdogo wa wavuvi, katika kijiji kimoja kusini ya mji wa Tanga, njia ya kwenda Pangani. Wanakijiji walitaka kujenga banda la kupokelea samaki karibu kabisa na maji, ili pweza na changu wasibebwe vichwani hadi barabarani kabla ya kupimwa. Fundi aliuliza swali moja tu: sakafu niinyanyue kiasi gani? Mimi nililipwa kutafuta jibu la swali hilo.

Tulifunga kifaa cha kupima kina cha maji kwenye nguzo ya zamani ya gati. Kirungu cheusi cha plastiki, hakizidi urefu wa kiganja, kikasoma uzito wa maji yaliyo juu yake kila baada ya dakika 10. Hiyo ni mistari 144 kwa siku. Sifuri yetu ilikuwa alama ya rangi nyekundu chini ya nguzo, mahali ambapo hata maji yakipwa vipi hayafiki. Kila mwisho wa mwezi nilisubiri maji yatoke, nikaingia kwenye tope hadi magotini, nikakifungua kirungu changu na kurudi nacho mjini.

Nilikuwa nimepanga chumba Ngamiani, na usiku ndipo nilipofanya kazi, joto likipungua. Nilitumia Gnuplot, kwa sababu ni ya bure na laptopu yangu ya mtumba isingebeba kitu kizito zaidi. Ni programu ya zamani, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1986, kazi ya Thomas Williams na Colin Kelley. Nilipoliona jina lake nilidhani lina habari za nyumbu, ambaye kwa Kiingereza huitwa gnu. Halina, na wala halina undugu na GNU, ule mradi wa programu huria. Unaiandikia amri, nayo inachora. Usichoiambia inakiamua yenyewe.

Nikaandika amri ya kuchora Februari, na bahari ya Tanga ikatokea imekufa. Mstari umenyooka chini kabisa ya mchoro kama uzi ulioangukia sakafuni, na kutoka kwenye uzi huo sindano nne zimesimama karibu zifike darini. Namba za mhimili wa wima zilianzia 0 zikaishia 1000. Mita 1000 za maji! Kumbe kirungu kile kikikosa kusoma huandika 999, na Gnuplot isipopewa mpaka hutafuta namba ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote, ikasogea hadi alama inayofuata, ikautandaza mhimili humo. Maji yanayopanda na kushuka kwa karibu mita nne yalikuwa yamebanwa mahali ambapo kwenye karatasi hapafiki milimita moja.

Dawa yake hasa ilikuwa kuiambia programu kwamba 999 maana yake hakuna kipimo. Mimi nikachukua njia ya mkato:

set yrange [0:4]

Yaani wima uanzie 0 uishie 4, na kitakachozidi hapo hakinihusu. Kipimo cha juu kabisa cha Februari kilikuwa mita 3.81, kwa hiyo 4 ilitosha na chenji ikabaki. Bahari ikafufuka papo hapo. Maji yakajaa na kupwa mara mbili kwa siku, bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa sana, likavimba, maji mafu, siku yanapojaa na kupwa kidogo, yakanywea, kisha bamvua tena, kama shanga kubwa na ndogo zilizotungwa kwenye uzi mmoja. Nilikaa nikiitazama kama mtu aliyeichora kwa mkono wake.

Kwenye mkutano wa kwanza kilicholeta mushkeli ni mhimili wa ulalo. Niliuacha uandike 04:00, 10:00, 16:00, kama programu ilivyopenda. Mama mmoja muuza samaki akasogea, akasoma, akanigeukia.

"Saa kumi na sita ndiyo saa ngapi, mwanangu?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini haki ilikuwa yake. Pwani ile kila mtoto anajua kwamba siku za bamvua maji hujaa saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne. Mchoro unaosema 16 unasema na nani? Nikarudi nyumbani nikapunguza sekunde 21,600 kwenye kila kipimo, yaani saa sita, na nikaiambia programu isihesabu saa zaidi ya 12. Saa kumi ikawa 10, ya alfajiri na ya jioni pia. Kwa hesabu hiyo tarehe nayo ikawa inabadilika saa kumi na mbili asubuhi, na hakuna aliyelalamika.

Machi ilipoisha nilinakili faili lile lile la amri, nikabadilisha jina la mwezi basi. Usiku mbili nzima zilikwenda kwenye sura. Nilinenepesha mstari, nikatafuta buluu isiyofifia ikichapwa, nikafifisha mistari ya gridi, nikakuza herufi kwa ajili ya wasio na miwani. Nadhani niliuchora mchoro ule mara ishirini. Nikauchapa kwenye stesheneri karatasi kubwa ya A3, nikapanda daladala nikiwa nimeukunja kwa uangalifu kama cheti cha ndoa.

Ofisi ya kijiji ilijaa. Fundi alikuwa ameshakaa mbele, penseli sikioni, na kwenye daftari lake nikaona ameandika 4.20 na kupiga mstari chini yake. Alikuwa amefuata mchoro wa Februari: bahari inaishia 4, weka shubiri moja juu yake, kazi imekwisha.

Kulikuwa na nahodha mmoja mzee sana, sote tukimwita Babu. Alipoingia nikamwamkia, "Shikamoo, Babu," akaitika marahaba bila kunitazama, akaenda moja kwa moja ukutani. Akaweka kidole kwenye siku ya kwanza ya mwezi, akakitembeza polepole kulia, kinapanda, kinashuka. Baada ya mwandamo kidole kikasimama.

"Hapa maji yamekwenda wapi?"

Nikasogea. Mstari ulipanda hadi kwenye fremu, ukatoweka, kisha ukatokea tena mbele kidogo ukishuka. Ikawa hivyo siku ile, na iliyofuata, na iliyofuata, mawimbi kama vyungu visivyo na vifuniko. Mara ishirini nimeuchora, na macho yangu yalikuwa kwenye buluu.

"Bamvua hili limekatwa kichwa," Babu akasema. "Siku hiyo maji yalivuka lile jiwe tunalofungia kamba. Ngalawa ya mwanangu iliokuwa ikichongwa pale juu iliamka inaelea, na mlingoti bado haina."

Nilitamani sakafu ya ofisi ipasuke. Darasani nilifundishwa, na mtihani nilijibu, kwamba bamvua za Machi na Septemba huwa kubwa kuliko za miezi mingine, kwa kuwa jua wakati huo liko juu ya ikweta na mvuto wake unaungana vizuri zaidi na wa mwezi. Halafu Machi yenyewe nikaivalisha kofia ya Februari.

Babu akamwomba karani kalamu. Akaanza kuviunganisha vile vichwa kimoja kimoja, mkono ukitetemeka kidogo, nje ya fremu, juu ya kichwa cha habari nilichokikuza kwa ajili ya wasio na miwani. Alipomaliza vya Machi akapandisha kimoja kingine, peke yake, juu zaidi.

"Hicho cha lini, Babu?" fundi akauliza.

"Cha mwaka wa upepo. Ninyi hamjazaliwa."

Wiki ile nikairekebisha amri. Nikaitangaza 999 kuwa si kipimo, na penye 4 nikaweka nyota, ambayo kwa Gnuplot maana yake ni juu utaamua kwa kutazama data. Machi ikapanda hadi mita 4.27. Wino wa Babu ulikuwa umeipita kidogo sana, nusu ya upana wa kidole.

Nikampelekea fundi karatasi mpya. Akaiweka mezani kando ya ile ya zamani, akatoa rula, akaipima ya zamani: kutoka sifuri hadi 4, kisha kutoka 4 hadi kile kichwa cha mwaka wa upepo. Akapiga hesabu pembeni ya daftari, akafuta 4.20, akaandika 4.90. Mpya akanirudishia, ile yenye wino wa Babu ikabaki ukutani.