Kikao cha Fundi

Juni 2010, wakati Kombe la Dunia likiendelea Afrika Kusini, timu yetu ya mtaa pale Majengo, Moshi, ilikuwa imetinga nusu fainali ya ndondo. Zawadi ni mbuzi na seti ya jezi. Namba kumi wetu tulimwita Fundi, na hakubahatisha jina. Guu lake la kushoto likigusa mpira, hata wazee wa bao waliacha kete zao wakageukia uwanjani.

Vyumba vya kubadilishia nguo hatukuwa navyo. Tulivalia nyuma ya karakana ya seremala, tumekaa juu ya mbao, na hapo ndipo Fundi alipotumaliza. Alikuja amechelewa, akamvua mwenzake jezi aliyokwisha kuivaa. Nauli ikigawiwa, yeye kwanza. Kipa wetu, dogo wa kidato cha pili, Fundi alimwita "Stendi", kwa sababu kila anayetaka anapita. Tulicheka. Dogo naye alicheka, kicheko kile cha mtu asiye na pa kukimbilia.

Robo fainali Fundi alifunga mawili. Alipotolewa dakika za mwisho apumzike, akamtukana mwalimu mbele ya mashabiki, mama mzazi wa mwalimu akiwemo kwenye tusi. Jumatatu jioni, tarehe 21, tukaitwa kikao uani kwa mfadhili wetu, mwenye duka.

Wiki hiyo nzima vibanda umiza, vile vya kutazamia mpira, havikuwa na habari nyingine zaidi ya Ufaransa. Mshambuliaji wao Anelka alikuwa amemtukana kocha Domenech wakati wa mapumziko, siku walipofungwa 2-0 na Mexico. Jumamosi akaondolewa kikosini, Jumapili wachezaji wenzake wakagoma kufanya mazoezi. Kwa hiyo kila aliyesimama pale uani alikuja na Anelka wake.

"Wakubwa wenyewe wamemfukuza," alisema mwalimu.

"Na kambi imewavunjikia," alijibu mfadhili. "Mwalimu, mimi sinunui maji ya watu wapole. Nanunua maji ya washindi."

Watu wakapiga makofi. Hoja yake haikuwa ya kijinga, tuseme ukweli. Bila mabao ya Fundi tusingekuwa tunajadili nusu fainali.

Nilikuwa kiungo mkabaji na nahodha, nikaombwa niseme. Habari za adabu niliziacha, maana kila mtu ana kipimo chake cha adabu. Nilieleza ninachokiona nikiwa katikati ya uwanja. Beki wetu wa kushoto alikuwa akipata mpira, winga yuko peke yake, lakini anampa Fundi aliyezungukwa na watu watatu, kwa kuogopa maneno ya nyuma ya karakana. Dogo golini alikuwa ameacha kabisa kutoka kufuata krosi, kwa sababu akikosea atasimangwa mpaka Jumamosi nyingine. Mabao ya Fundi tulikuwa tunayahesabu wote. Pasi ambazo watu waliogopa kuzipiga hazikuwa na wa kuzihesabu.

Tukaafikiana: amwombe radhi mwalimu, na dogo pia, mbele yetu, ndipo acheze. Kwa mwalimu alikubali palepale, tena kwa heshima, "Shikamoo mwalimu, nisamehe." Aliposikia la dogo akacheka. "Huyu Stendi?" Akachukua daluga zake akaondoka.

Kesho yake Ufaransa walifungwa 2-1 na Afrika Kusini, wakaburuza mkia kwenye kundi. Pale kibandani kila upande ulijiona umeshinda ubishi.

Nusu fainali tulitoka suluhu, mechi mbovu kuitazama, tukatolewa kwa penalti. Dogo alitoka golini kufuata krosi zaidi ya mara moja, na mojawapo aliikosa kabisa, mpira ukagonga mwamba. Hakuna aliyemsema. Mbuzi akaenda kwa wengine, na mfadhili akapunguza maji.

Msimu uliofuata Fundi alichezea timu ya Pasua, akatufunga. Usiku ule mfadhili alinipigia simu, hata salamu hakutoa. "Nahodha," akasema, "lile la leo nalo umelihesabu?"