Nguruwe pori, mawe na risasi: kumbukumbu ya mradi wangu wa shambani

Novemba, mvua za kwanza

Shamba liko upande wa Sengerema, kwenye mteremko unaoshuka kutoka majabalini mpaka ufukweni mwa Ziwa Victoria. Udongo ni luseni mtupu, yaani mchanga, na viazi vitamu vinaupenda. Nguruwe nao wanaupenda, maana kufukua mchanga si kazi. Usiku mmoja wanamaliza matuta ambayo kwa jembe ni kazi ya wiki. Mama watoto alikuwa ameshapiga hesabu ya michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, ya mwaka mzima, sasa anauliza kila asubuhi tumebakiwa na nini.

Nimehakikisha kwanza ni mnyama gani. Ngiri siye: ngiri hutembea mchana, hulala shimoni na hula akiwa amepiga magoti. Huyu wetu ni nguruwe pori hasa, wa usiku, mwenye manyoya marefu na singa zilizosimama mgongoni. Mkubwa hufika kilo 100 na zaidi kidogo. Hutembea kwa familia, dume na jike wakiongoza, na mchana hujificha vichakani katikati ya mawe. Pua yake ni kali kuliko macho.

Nalisema hili mapema kwa sababu ushauri mwingi wa risasi unaoupata mtandaoni ni wa nguruwe wengine kabisa, wale wa Marekani. Hao asili yao ni nguruwe wa kufugwa waliopelekwa na Wahispania karne ya 16, wakachanganyika baadaye na nguruwe mwitu wa Ulaya. Dume lao lina ngao ya tishu ngumu begani, na Texas hupigwa wakiwa mita 100 au 200 kwenye uwanda mpana. Mimi shamba langu lote ukisimama katikati hakuna kona iliyo mbali kiasi hicho. Nguvu inayosifiwa kule, hapa inaweza kuwa balaa.

Desemba, makaratasi

Kwa bwana nyama (afisa wanyamapori) wa wilaya, kisha kwa serikali ya kijiji, kisha tena kwa bwana nyama. Nguruwe si wangu hata akila kiazi changu, ni mali ya umma, kwa hiyo tumepewa utaratibu wa wanyama wakali na waharibifu: askari wa wanyamapori awepo, hakuna kupiga usiku, hakuna tochi. Mnyama wa usiku, na wewe umepewa mwanga wa alfajiri tu. Basi, tutamvizia anaporudi maweni.

Januari, mabishano ya risasi

Silaha zenye leseni ni mbili: shotigani yangu ya mitutu miwili, geji 12, na raifali ya shemeji, ya risasi aina ya .30-06. Shemeji anaishi Buhongwa, Mwanza mjini, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hana tena kisingizio cha kivuko. Kila akija anarudia yale yale: "Shemeji, nguruwe ni mgumu. Weka kitu cha kumlaza palepale."

Kwa upande wa nguvu, hakosei. Risasi ya .30-06 ya gramu 11.7 hutoka mtutuni kwa karibu mita 820 kwa sekunde. Ikiwa na ncha laini, ile ambayo madini ya risasi yameachwa wazi mbele, hufunguka ndani ya mnyama na kumaliza nguvu yake humo. Iliyofunikwa shaba mwili mzima ya kijeshi hutoboa na kupita, mnyama anakimbia na tundu dogo, na risasi inaendelea na safari. Hiyo nimeikataa bila mjadala.

Lakini hata ile ya ncha laini ikikosa, inaweza kwenda zaidi ya kilomita 4. Nyuma ya shamba langu upande mmoja kuna ziwa, na alfajiri ndipo mitumbwi ya dagaa inarudi, karabai bado zinawaka. Upande wa pili kuna majabali ya granaiti, ambayo risasi ikiyagonga kwa pembe ya ubapa hairudishi taarifa imeelekea wapi. Mwanza mawe ni sifa ya mji, lakini kwa mtu mwenye bunduki ni tatizo la kwanza, kabla ya nguruwe. Raifali ikarudi Buhongwa, na shemeji akanuna mpaka chai ilipofika.

Ikabaki shotigani. Marisau madogo ya ndege hayafai, yataishia kwenye ngozi na kumtesa. Chaguo ni goroli, yaani marisau makubwa, au risasi nzima ya kipande kimoja. Ganda la goroli za milimita 8.4 kwa kawaida lina goroli 9, kila moja gramu 3.5 hivi. Risasi nzima ni gramu 28, yote inafika mahali pamoja.

Tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha na makaratasi makubwa. Nilichora duara la sentimita 20, ndiyo ukubwa wa sehemu ya moyo na mapafu ninayoitaka. Kanuni ya wapigaji wa zamani ni kwamba goroli hutawanyika karibu sentimita 2.5 kwa kila mita, na mtutu wangu ulikuwa hauko mbali na hapo. Mita 10, goroli zote zimekaa ndani ya upana wa sinia. Mita 25, nyingi zimetoka nje ya duara. Mita 35 ni bahati nasibu. Na goroli moja peke yake ina nguvu ndogo: mbili zikimpata tumboni, unaye nguruwe aliyejeruhiwa mwenye meno makali, ndani ya mapango ya mawe. Sitaki kumfuata huko.

Risasi nzima ilikaa ndani ya duara mpaka mita 40, kwa bunduki isiyo na darubini. Ubaya wake ni ule ule wa raifali kwa kiasi kidogo: ikigonga jiwe inaruka, na mbio zake zinaweza kukaribia kilomita.

Februari, dungu

Hapa ndipo mradi uligeuka. Mzee jirani alinisikiliza nikieleza gramu na mita, akauliza, "Sasa mwanangu, wewe utakuwa umekaa wapi?"

Nilikuwa na mpango wa kujibanza chini. Akakataa. Alfajiri upepo wa hapa hushuka kutoka mlimani kwenda ziwani, kwa hiyo kaa upande wa ziwa, uwape mgongo wavuvi, nguruwe wasikunuse. Na ukae juu, kwenye dungu, jukwaa la miti, si la mapambo.

Nikapiga hesabu usiku ule na nikaona mzee amemaliza mjadala. Mpigaji aliyesimama chini, bunduki iko mita 1.5 juu ya ardhi. Nguruwe akiwa mita 20, risasi ikipita kifuani mwake itagusa udongo mita 7 nyuma yake, kwa pembe ya digrii 3 tu. Hiyo inaruka hata kwenye mchanga mkavu. Kutoka dungu, bunduki ikiwa mita 5 juu, risasi ile ile inazama udongoni chini ya mita 2 nyuma ya mnyama, kwa pembe ya digrii 13. Na luseni iliyolimwa inameza. Kwa hiyo risasi nzima iliyonitisha ikawa ndiyo salama, mradi nipige kwenye matuta ya katikati tu, mbali na mawe. Tumesimika vigingi viwili vya miti. Nguruwe akipita nje yake, haguswi.

Mtutu wa kulia, ambao mdomo wake haukubanwa sana, unabeba risasi nzima. Wa kushoto una goroli, kwa ajili ya kumfuata aliyejeruhiwa karibu, kama italazimu.

Machi

Mmoja. Dume, mita 18, amegeuza ubavu, mwanga umeshatosha kuona singa. Nililenga chini, nyuma tu ya mguu wa mbele, maana moyo wa nguruwe uko chini kuliko watu wanavyodhani. Alikwenda hatua chache akaanguka kwenye tuta. Risasi tuliifukua udongoni, imebondeka, pale hesabu iliposema.

Askari aliandika taarifa, akaruhusu nyama igawiwe kijijini. Wapenzi wa kitimoto walifika kabla hatujamaliza kuchuna. Niliwasisitizia iive kabisa, kwa sababu ya minyoo, kwani kukausha na moshi havitoshi, na tukakata nyama yote iliyozunguka jeraha ili vipande vya risasi visiingie sufuriani. Matumbo na ngozi vimefukiwa shimo refu. Nguruwe pori hubeba virusi vya homa ya nguruwe bila kuugua. Mtu hadhuriki, lakini jirani anayefuga akiokota mabaki, banda zima linaweza kwisha.

Kundi lililobaki halijarudi kwenye viazi. Limehamia mihogo ya mzee, ng'ambo ya korongo, ambako mawe yako karibu mno kwa risasi yoyote niliyo nayo. Huko tunaanza na uzio wa miiba.