Ledley King, beki wangu wa muda wote

Wadau, mkianza kuongelea mabeki wa Uingereza wote mnakimbilia Terry na Ferdinand, mimi moyo wangu uko kwa Ledley King, mtoto wa London aliyecheza Tottenham tu mpaka anastaafu 2012. Nilimpendea kibandaumiza cha mtaani kwetu. Ile siku Arjen Robben wa Chelsea kachomoka na mpira, amebaki yeye na kipa, sisi tushajua goli hilo, King katokea nyuma mbio kampata, katelezea akauchomoa mpira safi kabisa, faulo hakuna. Banda zima lilisimama, hadi mashabiki wa Chelsea.

Na jamaa alikuwa na goti bovu jamani, gegedu imeisha, mfupa unasagana na mfupa! Miaka yake ya mwisho katikati ya wiki hafanyi mazoezi na wenzake, ni kuogelea na gym tu, halafu siku ya mechi anaingia anamkaba straika yeyote. 2008 akiwa nahodha wakamfunga Chelsea 2-1 fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, nilishangilia sauti ikakauka.

Kombe la Dunia 2010 ndo liliniuma, mechi ya kwanza na Marekani, hafutaimu kaumia katolewa, basi ikawa imeisha hivyo. England kacheza mara 21 tu, beki wa kiwango kile! Angekuwa na magoti mazima mimi naamini Terry angekaa benchi.

Haya, nyie beki wenu nani?